Viti Vyeupe vya Bwana Cirillo

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepigwa na butwaa na bado sijapona. Mzee mzima anaweza kuinuka akaenda kulala, mgeni wake akiwa nje anaongea na simu!

Niandike kwa utaratibu. Jana nilikwenda mtaa wa Jebel kwa Mzee Mathiang, baba mkubwa wa Akur, msichana ninayetaka kumwoa, na ndiye aliyemlea tangu utotoni. Bila Mzee kukubali hakuna posa, hakuna ng'ombe, hakuna Akur. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza simu yangu iliita tukiwa tunaombea chakula. Jana Mzee alikuwa ameanza kunisimulia jinsi alivyomfahamu marehemu baba yangu kwenye kambi ya ng'ombe, habari ambayo hamsimulii kila mtu. Simu ikaita. Arthur, fundi wangu wa mahema. Anauliza nyundo iko wapi. Nyundo! Nikatoka nje kumwelekeza. Kabla sijamaliza, Daphine wa ofisini: mteja apewe viti vyekundu au vyeupe? Kisha Fulgensio, dereva: lori limezima, asukume au asubiri? Niliporudi ndani kiti cha Mzee kilikuwa kitupu. Akur alikuwa anakusanya vikombe. Akasema Mzee amesema hadithi imeisha.

Akur hapigi kelele anapokasirika. Anaongea polepole, na hiyo ndiyo mbaya. Mzee atakaa nami mara moja tu tena, Jumamosi. Simu ikiita hata kidogo, basi. Akaongeza kwamba heri aolewe na mchimba visima, maana huko chini hakuna mtandao.

Nilikuwa najivunia kwamba pale kazini hakuna kinachofanyika bila mimi. ALIER VITI NA MAHEMA, Nyakuron, Juba, jina limepakwa ubavuni mwa lori kwa rangi ya buluu. Harusi, ubatizo, msiba, mahafali, wote wanakaa juu ya viti vyangu. Lakini sasa maji yamenifika shingoni. Sili vizuri, sisali vizuri, na sasa sioi.

Ng'ambo ya barabara yuko Gaetano. Kazi ni hiyohiyo, viti na mahema. Tangu asubuhi anacheza domino kibarazani, chai mkononi, simu yake haijulikani hata ilipo. Leo nilimeza kiburi nikamuuliza siri yake. Akaangalia juu kama mtu anayesikiliza mvua. "Mfumo, ya zol," akasema, yaani ewe bwana. "Mimi niko na mfumo." Zaidi ya hapo akagoma. Mkewe Sanyu alipita na viti kichwani, simu kaibana kati ya sikio na bega, anamfokea mtu wa turubai. Nikamsalimu. Hakuwa na nafasi.

Mfumo. Kumbe ni hilo tu.


Jumanne, 11 Novemba

Mfumo umejengwa. Umechukua asubuhi moja. Nashangaa watu huteseka miaka kwa jambo rahisi hivi.

Nimeunda idara. Daphine ni Mkuu wa Idara ya Simu. Fulgensio ni Mkuu wa Idara ya Usafiri, yaani lori. Arthur ni Mkuu wa Idara ya Ukusanyaji, yaani kurudisha viti baada ya shughuli, sehemu inayonitoa jasho kuliko zote. Mteja wa Juba akishakalia kiti anakiona chake. Kila siku ni bado kidogo, bosi, bado kidogo.

Kisha kanuni. Nimeziandika kwa kalamu nene na kuzibandika ukutani juu ya jagi la maji. Ya kwanza: hakuna kumpigia Alier. Ya pili: mteja huongea na Daphine peke yake. Ya tatu: muda ukiisha viti vinarudi, hakuna huruma. Ya nne ndiyo ninayojivunia. Hata Alier mwenyewe haruhusiwi kubadilisha oda ya mteja. Akibembeleza, achukuliwe kama mpita njia.

Ya nne nimeiweka kwa sababu najijua. Mwezi uliopita mama mmoja wa kwaya alilia kidogo tu, nikamwachia viti mpaka kuku wakataga chini yake.

Daphine aliuliza kama nina uhakika na ya nne. Nikamwambia mfumo usiomfunga bosi si mfumo. Niliona amevutiwa.

Tatizo dogo. Wote wakawa wakuu na hapakuwa na wa kubeba viti. Arthur alisema mkuu hawezi kubeba. Fulgensio akasema yeye idara yake inaishia kwenye usukani. Kikao cha wakuu kikaendelea hadi mteja wa ubatizo akaja mwenyewe na tuktuk kuchukua viti vyake. Nilishtuka sana. Tumeafikiana kwamba wakuu watabeba, lakini kwa heshima.

Arthur ameomba jaketi la kung'aa lenye cheo mgongoni. Nimekubali. Kijana huyu nimemjua tangu aje kutoka Mbale, mpole, anaomba radhi hata kwa hema likimwangukia. Jaketi litampa moyo.


Jumatano, 12 Novemba

Simu haijaita.

Mwanzoni nilifurahi. Nikanywa chai kwa starehe kwa mama wa chai wa kona, kama Gaetano. Nikanywa ya pili. Kufikia mchana nilikuwa naitoa simu mfukoni kila dakika. Nikamwomba mama wa chai anipigie nione kama simu ni nzima. Ni nzima. Kumbe ni kweli hakuna anayenihitaji. Sikutegemea jambo hilo litauma.

Nikapita mbele ya duka langu polepole, nikijifanya hamnazo. Daphine alinipungia mkono tu, akaendelea na kazi. Arthur alikuwa amevaa jaketi. UKUSANYAJI, herufi kubwa. Anatembea tofauti. Hata shingo imerefuka.

Likanijia wazo kwamba mfumo usiojaribiwa hauaminiki. Nikaazima simu ya mama wa chai, nikajikohoza, nikashusha sauti mpaka tumboni, nikapiga dukani kwangu. Nikasema mimi ni Bwana Cirillo wa mtaa wa Juba Na Bari. Nina harusi Jumamosi. Nataka viti vyote vyeupe, kuanzia saa saba mchana.

Sikuamini masikio yangu. Daphine, ambaye hunijibu mimi kwa mguno, aliongea kwa sauti ya asali. Alimpongeza Bwana Cirillo. Alimuuliza habari za bibi harusi. Nikasema ni mrefu, ametoka Torit, anaimba. Akamuuliza kuhusu kikohozi chake na kumshauri atafune tangawizi. Mimi niliwahi kukohoa mwezi mzima mbele ya mwanamke huyu.

Oda imepokelewa bila kosa hata moja. Mfumo unafanya kazi! Nitaifuta kesho.


Alhamisi, 13 Novemba

Nilikwenda kuifuta oda ya Cirillo. Daphine alinielekeza macho ukutani, kanuni ya nne. Nikamwambia kwamba nina sababu nzuri. Akasema wapita njia wote wana sababu nzuri. Bwana Cirillo akitaka kufuta, afute kwa mdomo wake mwenyewe, na yeye Daphine haoni kwa nini mtu mstaarabu kama yule afute. Ameshamtafutia na riboni za viti.

Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini mkuu wa kampuni hawezi kumwambia mfanyakazi kwamba alijifanya bwana harusi kwenye simu ya mama wa chai. Nitapiga kesho kwa sauti ya Cirillo. Nitasema harusi imeahirishwa.

Nimepitia pia maandalizi ya Jumamosi. Shati jeupe limepigwa pasi. Nimejizoeza kukaa kimya mbele ya kioo.


Ijumaa, 14 Novemba

Akur alinipigia kabla sijaamka. Shangazi yake, dada wa pekee wa Mzee Mathiang, amefariki. Mama Nyapal, yule aliyekuwa anauza samaki wakavu na kuwatania watu wote wa Jebel bila kujali vyeo vyao. Mara ya kwanza alipokutana nami aliniuliza kama viti vyangu vinavumilia mtu mwenye makalio ya kweli. Moyo uliniuma.

Bika, yaani matanga, inafanyika nyumbani kwa Mzee. Posa kesho hakuna, ni wazi. Lakini Akur alisema, kwa sauti iliyochoka, kwamba kesho nije nikae na Mzee. Nisiseme kitu. Nikae tu, simu imezimwa. Akasema Mzee hasahau aliyekaa naye siku kama hizi. Nilielewa. Kesho ndiyo siku yangu, ila imevaa nguo nyeusi.

Sikungoja kesho. Nilipanda senke, pikipiki ya abiria, moja kwa moja mpaka Jebel, nikiwaza nitatoa wapi viti haraka hivyo. Nikafika, nikasimama getini, nikashindwa kusogea. Hema langu kubwa lilikuwa limesimamishwa tayari, kamba zote zimenyooka. Chini yake viti vyangu vyeupe, mstari kwa mstari, vimefutwa vumbi, na wazee wamekaa. Binamu yake Akur alikuwa amepiga simu alfajiri, Daphine akapokea, Fulgensio akaleta, Arthur akasimamisha. Hakuna aliyeniuliza nyundo iko wapi. Mfumo ulifika msibani kabla yangu!

Machozi yalinitoka. Niandike ukweli, yalikuwa machozi ya fahari. Niliishika nguzo ya hema nikalia kama mtoto. Akina mama wakaitikia kwa vilio vyao. Mzee Mathiang akaja mwenyewe, akanishika mkono, akanikalisha kando yake. Akasema dada yake angefurahi kujua kwamba kijana wa viti alimpenda kiasi hiki. Akur aliniangalia kwa jicho ambalo sijaliona kwake tangu tujuane.

Sikuweza kumsahihisha mzee mwenye msiba.

Kuna kitu nilitakiwa kufanya leo, kitu cha simu. Sikikumbuki. Si kitu kikubwa.


Jumamosi, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyohivyo.

Nilifika asubuhi, nikazima simu mbele ya Akur ili aone. Nikakaa kando ya Mzee. Sikusema kitu. Watu walijaa mpaka barabarani. Mzee akaendelea na hadithi ya baba yangu pale alipoiachia, polepole, na safari hii nilisikia mwisho wake. Baba yangu aliwahi kukesha akimshikia Mzee ndama wake mgonjwa ili Mzee apate usingizi. Mzee aliniwekea mkono begani. Nikawaza, imekubalika. Nimeoa.

Saa sita hivi nikasikia lori. Mlio wa lori langu naujua. Nikadhani wameleta viti vya ziada, nikajaa fahari upya.

Arthur aliteremka na jaketi lake. Akasalimia vizuri kabisa. Akawapa pole wafiwa. Kisha akaenda mstari wa nyuma, akamwomba mama mmoja mzee asimame, akachukua kiti.

Nilidhani anakirekebisha. Akachukua cha pili. Cha tatu. Watu wa mstari wa nyuma wakawa wamesimama, wanatazamana. Sijawahi kuona jambo hilo Juba hii, wala nilipokulia Kitale, wala popote watu wanapozika. Viti vya bika havirudi mpaka wenye msiba waseme. Hata kama waliagiza vya siku moja, ni maneno tu, wote tunajua, na mwenye viti naye huja kukaa. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka yote. Na ndiyo maana sikuliandika ukutani. Nani humwandikia mtu kwamba chai hunywewa ikiwa moto?

Nikamkimbilia Arthur. Nikamnong'oneza aache mara moja. Akaniangalia kwa huruma yote ya Mbale. "Bosi, pole sana. Mimi roho inauma. Lakini saa iko imeisha, na wewe ndiyo alisema hakuna huruma." Nikamwambia mimi ni Alier, naamuru. Akasema kanuni ya nne, na akanizunguka kama mpita njia.

Nikaenda kwa Fulgensio. Alikuwa garini, hakuteremka, kofia ameivua na kuiweka mapajani. Akasema yeye ni Usafiri. Kama angekuwa Ukusanyaji angejiuzulu tangu njiani. "Malesh, ya Alier," akasema, yaani samahani, na akageuza uso upande wa mlima.

Wakati huo Arthur alikuwa amefika mstari wa wazee. Mmoja mmoja wanainuka, kimya, fimbo zao mkononi. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana. Kiti changu nacho kikachukuliwa. Akabaki Mzee Mathiang peke yake, amekaa katikati ya uwanja mtupu, na Arthur mbele yake, ameinamisha kichwa, anasubiri kwa adabu.

Nikapaza sauti, jambo ambalo mtu hafanyi kwenye bika. Nikauliza hivi viti vinakimbilia wapi.

Arthur akasema vinakwenda Juba Na Bari. Harusi ya Bwana Cirillo.

Nikasema hakuna Bwana Cirillo. Arthur akasema yupo, Daphine ameongea naye mwenyewe, mtu mstaarabu, ana kikohozi. Na anayeweza kufuta harusi yake ni yeye, kwa mdomo wake.

Niliangalia watu. Wote walikuwa wananiangalia mimi. Akur alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nikatoa simu mfukoni, ile niliyoizima mbele yake, nikaiwasha. Arthur akasema yeye kama Mkuu lazima asikie, niiweke sauti ya nje. Nikaiweka. Nikajikohoza. Nikashusha sauti mpaka tumboni. Mbele ya wazee, mbele ya mapadri, mbele ya wanawake wa soko la Jebel wote, nikasema mimi ni Bwana Cirillo.

"Bwana Cirillo!" Sauti ya Daphine ilijaa hema zima. Akauliza kikohozi bado? Akauliza tangawizi alijaribu? Nikasema ndiyo, nashukuru. Nikasema nafuta harusi. Akashtuka sana. Akauliza kwani bibi harusi amesemaje. Nikasema amenikataa. Nilisema hivyo nikiwa namwangalia Akur, na sauti ya Cirillo ikakatika katikati, ikatoka yangu.

Daphine akampa pole. Akasema asikate tamaa, mwanaume mwenye adabu kama yeye atapata mwingine. Kisha akauliza kwa nini Bwana Cirillo anatumia simu ya bosi. Nikasema bosi ni mtu mwema, ameniazima.

Arthur akafuta chozi, akaanza kurudisha viti. Fulgensio sasa akateremka, akarudisha vingi kuliko yeye.

Mzee Mathiang aliinuka bila kuniangalia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Akaingia ndani, akafunga mlango, na hakutoka tena mpaka nilipoondoka. Nimemliza mzee aliyefiwa. Nilitamani ardhi ipasuke initwae.


Jumapili, 16 Novemba

Sijaenda kanisani. Nilidhani watu wananicheka. Wananicheka. Mama wa chai ameniuliza kama leo Bwana Cirillo atakunywa ya tangawizi.

Akur hajibu.

Nilikwenda kwa Gaetano. Nilitaka kumwambia usoni kwamba mfumo wake ni sumu. Nikakuta domino zimemwagika chini, yeye hana shati, ana simu mbili masikioni, hema limemfunika nusu. Nikadhani ameibiwa. Kumbe Sanyu amekwenda Gulu kumwona mamake. Gaetano hajui viti viko wapi. Hajui namba ya dereva. Hajui kama ana dereva! Akanishika mkono akaniomba nimsaidie kuwaza.

Yule mtu hakuwa na mfumo wowote. Alikuwa na Sanyu.

Lililonishtua zaidi ni jingine. Nilipita dukani, pamefungwa. Nikawatafuta wakuu wangu wote watatu, hawapo. Nimeambiwa tangu jana jioni wako Jebel, kwa Mzee. Arthur anachota maji, bila jaketi. Daphine anapika chai na kuosha vikombe. Fulgensio analeta na kurudisha wazee kwa lori. Hakuna aliyewatuma. Nimezisoma kanuni zote, hakuna inayosema hivyo. Nani aliidhinisha?


Jumanne, 18 Novemba

Akur alikuja dukani mwenyewe. Hakukaa. Alisema Mzee ananiita kesho. Nikamuuliza ameniita kwa uso gani. Akasema Mzee hajatoa uso, ametoa ujumbe tu. Nikamuuliza yeye je, ana uso gani. Akasema pale aliposikia Bwana Cirillo amekataliwa, alimwonea huruma, na hilo ndilo linalomkasirisha.

Sijui kama hiyo ni habari njema. Sijala.


Jumatano, 19 Novemba

Nimerudi kutoka Jebel sasa hivi. Nimeduwaa kuliko siku zote za shajara hii.

Mzee alinikalisha peke yangu. Kiti changu mwenyewe, cheupe. Nikaanza kuomba radhi kwa kumliza mbele ya watu. Akanikatiza. Akauliza nani alilia.

Mzee Mathiang alikuwa anacheka. Jumamosi, nilipomwambia Daphine kwamba bosi ni mtu mwema, kicheko kilimbana, na mtu hawezi kucheka kwenye bika ya dada yake, basi akakimbilia ndani, akajifunika blanketi, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Akasema Mama Nyapal maisha yake yote alikuwa anamtania kwamba siku ya kumzika ataagiza kituko kitakachomwangusha kaka yake kitini. Akasema dada yake ametimiza neno lake. Kisha macho ya Mzee yakajaa machozi kweli, na mimi pia, na safari hii hayakuwa ya fahari.

Akasema ameamua. Arobaini ikipita, tukae tuongee mambo ya Akur, Jumamosi ile inayofuata, hapohapo kwake. Lakini akanyoosha kidole. Akasema siku ya posa mtu huja na watu wake, na jamaa zangu wengi wako mbali. Lakini amewaona watu wangu. Yule mwenye maji, yule mwenye chai, na yule mwenye lori. Hawakutumwa, wakaja. Nije nao hao. Na nisije na mfumo. Nije tu, nikae.

Akur alinisindikiza mpaka getini. Akanishika mkono kidogo mbele ya watu. Akauliza, nimesikia? Bila mfumo. Nikasema nimesikia.


Alhamisi, 20 Novemba

Nimeelewa kabisa. Mfumo ulikuwa kosa. Leo asubuhi nimezibandua kanuni zote nne mbele ya wafanyakazi na kuzichana. Fulgensio akasema khalas, yamekwisha, Mungu mkubwa. Daphine alipiga makofi. Nikawaambia wao ni watu wangu.

Lakini jambo zito kama hili haliwezi kuachwa lijiendee lenyewe. Mfumo unaweza kurudi bila mtu kuona. Kwa hiyo nimeunda Idara ya Kuzuia Mfumo. Arthur ndiye Mkuu, na nimemwagizia jaketi jipya. Daphine atapokea simu za yeyote atakayeona dalili. Fulgensio atazunguka na lori kukagua. Kanuni ni nne tu. Ya nne inasema kwamba Alier akijaribu kubadilisha kitu, achukuliwe kama mpita njia.

Fulgensio akavaa kofia yake akatoka nje. Nadhani alizidiwa na furaha.

Ila idara isiyojaribiwa haiaminiki. Nimeazima simu ya mama wa chai mara moja tu. Nimetumia sauti nyembamba, ya puani, hakuna atakayeitambua. Bwana Jude wa Yei, harusi ya bintiye, viti vyote vyeupe, Jumamosi ileile ya posa. Daphine ameipokea vizuri ajabu. Hata ameniuliza kama mafua yamezidi.

Nitaifuta kesho.